Dada Alipiga Kengele

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama nyuma ya kiti cha mteja na kitana mdomoni, maana nakujua. Mimi ni mzima wa mwili. Mgongo ni ule ule wa siku zote, na miwani nimeikalia tena. Mama hajambo. Barua yako ilipofika aliishika yeye kwanza, akainusa, akasema bahasha ina harufu ya mafuta yako ya nywele, kisha akaniuliza umeandika nini hata kabla sijaifungua. Barua zangu mimi, nilipokuwa chuoni, alikuwa akizitupa juu ya kabati mpaka atakapopata nafasi. Lakini tuyaache hayo. Nimefurahi kusikia kwamba saluni mpya ina maji ya moto na kwamba mwenye nyumba hana maneno mengi.

Dhumuni la barua hii nitalifikia, ila usiniharakishe. Uliniuliza swali moja tu, tena pembeni mwa karatasi, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: je, Meneja ametulia tangu uondoke? Ukaongeza kwamba siku hizi ukiletewa mtoto asukwe unampa mwenzako, kwa kuwa huiamini tena mikono yako. Nimelisoma swali hilo siku tisa. Kila nikishika kalamu najikuta naandika habari za mvua. Leo nalijibu, lakini lazima nianzie mbali, na nitakueleza hata yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu wewe uliyaona ukiwa upande wako na mimi nilikuwa upande wangu.

Unakumbuka kwamba ni mimi niliyekuleta pale shuleni. Msaidizi wangu alikwenda likizo ya uzazi, saluni yenu ya zamani ilikuwa imefungwa, na mwalimu mkuu alitaka mtu mvumilivu wa kushika nafasi kwa mihula miwili. Nikamwambia nina mdogo wangu, si msomi lakini hana papara. Na niseme kweli, nilipenda jinsi ulivyonishukuru. Nilipenda kukuonyesha chumba changu kile cha mwisho wa korido, meza sita, zulia la buluu, kabati la michezo, na droo yangu ya juu yenye kengele ya shaba niliyopewa na wenzangu siku tulipohitimu. Nilikutembeza kama mwenye duka. Huyu haongei ila anaimba, huyu hagusi kitu chekundu, na yule binti wa miaka minane anayefunga kila mlango wa kabati ulioachwa wazi na kupanga viatu vya watu kwa ukubwa, huyo tunamwita Meneja. Meneja haongei wala haimbi. Akichafukwa anajiuma mkono, pale chini ya kidole gumba, anajitupa sakafuni, na atakayemsogelea atakula kucha. Nilikuambia usiogope, mimi nimeshamzoea.

Nikakufundisha na karatasi zetu. Safu ya kwanza ni kilichotokea kabla. Safu ya pili ni alichofanya mtoto. Safu ya tatu ni alichokipata baada ya hapo. Pembeni unaandika saa, na jina la mtu mzima aliyekuwa naye. Nikakupa na maneno ya yule mshauri anayekuja kila mwezi na mkoba wake mzito, yule tunayemwita Mama Karatasi, kwamba mtoto mwenye usonji hajiumi bure, wala hana kiburi, wala hana shetani. Kuna kitu anakikimbia au kuna kitu anakitaka, na kazi yetu ni kukijua, kisha kumpa njia nyingine ya kukiomba. Niliyasema kwa madaha kana kwamba ni yangu. Miaka sita nimejaza karatasi hizo, na kwa Meneja safu yangu ya kwanza ilisema karibu kila siku: hakuna sababu, alikuwa ametulia.

Siku ya tatu ulikuwa umekaa juu ya zulia, aproni yako ya saluni imejaa vibanio, unatazama tu. Nikadhani unategea kazi. Jioni tukiosha vikombe ukaniambia, kwa ile sauti yako ya kuomba radhi, kwamba Meneja huanza kuitazama droo yangu kabla sijaifungua. Nikakuuliza droo ina nini. Ukasema ina kengele. Ukasema labda haogopi mlio wenyewe, labda hajui tu baada ya mlio kinakuja nini, chakula au kunawa au uwanjani, na kwamba hata wewe ungejiuma kama kila mtu akipiga kengele unavutwa kwenda usikokujua. Nilicheka. Nikakwambia kengele hiyo imesomesha watoto tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu. Nilifika nyumbani nimekasirika mpaka nikatia chumvi kwenye chai, na nikainywa hivyo hivyo.

Hukubishana nami. Ungebishana ningekuweza. Ulichofanya, kila ukiona nanyoosha mkono kwenye droo, ulikuwa unachuchumaa mbele ya Meneja na kumtia kitu mkononi: kijiko kama chakula kinakuja, taulo kama ni kunawa, mpira kama tunatoka nje. Halafu ukaleta kile kibanio cha kijani chenye umbo la kipepeo. Ukamfundisha kwamba akikiweka kwenye kiganja cha mtu mzima, basi ataachwa akae nyuma ya kabati dakika mbili bila maswali. Siku za mwanzo ulikuwa ukimshika mkono na kumwongoza. Ukiona mkono unapanda kwenda mdomoni, unatelezesha kibanio humo kwanza. Wiki ya pili akainuka mwenyewe katikati ya shanga, akakuwekea kibanio kiganjani, akaenda nyuma ya kabati, akarudi kabla hujamwita, akachukua kibanio chake, akakaa. Mpishi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akasema, "Haya, makubwa haya!" na vikombe viwili vikamponyoka. Kutoka mara kumi na moja kwa siku, Meneja akashuka mpaka mara mbili. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nahesabu.

Sasa nikuambie kilichokuwa kikinipata mimi. Roho iliniuma, Kitinda. Niliona wivu mpaka nikawa sipendi sauti ya viatu vyako kwenye korido. Unakumbuka mapacha wa kaka walipokuwa wadogo? Mmoja akilia mikononi mwangu, nikiwa nimeshaanza kumwimbia, Mama alikuwa akija na kumchukua, anasema mpe mdogo wako, wewe mikono yako inashika kama koleo. Ulikuwa na miaka tisa. Nawe ulikuwa ukimpokea mtoto, na mtoto ananyamaza, na hukuwa hata unamtazama. Mimi nilikwenda chuo miaka minne kwa sababu ya lile neno koleo. Nikarudi na cheti, nikapewa darasa ambalo walimu wengine walilikimbia, nikakaa nalo. Halafu ukaja wewe na mafuta ya nywele na kidude cha plastiki.

Siku ya wazazi ndiyo iliyonimaliza. Baba yake Meneja, yule fundi umeme asiye na maneno, alinipita mimi na rejesta yangu mezani akaja moja kwa moja kwako. Alikushika mikono yote miwili na kusema kwamba kwa mara ya kwanza tangu binti yake ajue kutembea, ameweza kunywa chai nyumbani kwake mpaka ikaisha. Ulilia. Na bibi yake Meneja, aliyekuwa hajawahi kufika pale, akanigeukia mimi kwa adabu zote na kuniuliza kama mimi ndiye msaidizi mpya. Nilimjibu kwa tabasamu. Tabasamu hilo lilinigharimu zaidi ya mimba zangu mbili.

Kisha kulikuwa na karatasi zako. Mwandiko wako, mdogo wangu, ni kama kuku amechakura. Lakini unasomeka. Safu ya kwanza: Dada alipiga kengele. Mstari wa pili: Dada alipiga kengele, hajaonyeshwa taulo. Kesho yake: Dada alipiga kengele. Hukuwa na nia mbaya, wewe huandika unachokiona. Ila miaka yote ile sikuwahi kujiandika katika safu hiyo, hata mara moja. Tuliandika kelele, njaa, mvua juu ya mabati, mtoto wa meza ya pili kapiga chafya. Nani alifikiri kumwandika mwalimu?

Mwisho wa mwezi Mama Karatasi akaomba karatasi zote za wiki nne, kwa sababu ofisi ya elimu ilitaka kujua kama mambo ya kibanio yaenezwe kwenye madarasa mengine au yaachwe. Kama kawaida yetu, mwenye mwandiko mzuri ndiye anayenakili rasimu kwenye fomu safi, na mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Ulinishukuru kwa usumbufu. Siku mbili baadaye tuliketi katika ofisi ya mwalimu mkuu, ikasomwa kwamba Meneja hujiuma zaidi katika saa zako, na kwamba kile kibanio kilikuwa kinamzawadia kwa fujo zake. Mama Karatasi alivua miwani. Alisema yeye kwa macho yake alikuwa ameona kinyume, akatuuliza kama tuna hakika. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema karatasi hazina undugu na mtu. Mwalimu mkuu akakwambia kwa upole kwamba ni afadhali upumzike, na kibanio kiwekwe kando. Muda wote huo ulikuwa unaitazama mikono yako.

Ukaja kwangu, ukaketi kwenye meza ya jikoni, ukalia mpaka kitambaa cha meza kikalowa. Nilikupa leso. Nilikuchemshia maji ya chai. Uliniuliza kama ni kweli ulikuwa ukimwumiza yule mtoto bila kujua, nami nikakushika bega na kukwambia, "Hukukusudia, mdogo wangu." Tafadhali likumbuke neno hilo, nitalirudia.

Swali lako, basi. Hapana. Meneja hajatulia. Mkono wake umefungwa bendeji tangu wiki iliyopita, na muuguzi anasema kidonda kinafunguka kila kinapoanza kupona. Siku moja nilihesabu mara kumi na sita. Alitafuta kibanio nyuma ya kabati, alitafuta kwenye msumari ulipokuwa unatundika aproni, aligeuza viatu vya darasa zima kimoja kimoja na kuvikung'uta. Ofisi ikamwandikia baba yake kwamba kikao cha Ijumaa hii kitaamua, na kama hali ni hiyo hiyo, abaki nyumbani. Unajua maana yake. Hakuna darasa lingine litakalompokea. Ni chumba kile chetu au ni kufungiwa ndani mpaka ukubwani, na baba yake kuacha kazi amlinde.

Ni mimi niliyefanya hivyo. Nilipokuwa nanakili, kila pahali ulipoandika Dada alipiga kengele, niliandika hakuna sababu. Na pale pembeni palipokuwa na jina langu, niliweka lako. Sikuteleza mara moja, maana nimezihesabu: ni mara thelathini na moja. Kalamu iliniishia wino katikati ya kazi, nikainuka, nikatafuta nyingine, nikarudi kuketi. Ningeweza kuacha pale kwenye kutafuta kalamu. Nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa pale jikoni, nikikwambia hukukusudia, na katika nyumba ile aliyekusudia alikuwa mmoja tu. Wewe mikono yako haina kosa lolote. Hukumwumiza Meneja hata siku moja.

Nilitamani niishie hapo, lakini kuna la Jumanne ya wiki iliyopita, na nisipolisema nitakuwa nimenakili tena barua safi. Ulikuwa wakati wa kunawa. Nilifungua droo. Meneja aliitazama, akainuka kwenye kiti, na badala ya kujiuma akaja kwangu. Kwangu, Kitinda. Hajawahi kunijia tangu nimjue. Alinishika kifundo cha mkono, akageuza kiganja changu kikaangalia juu, akaleta vidole vyake vimebana kana kwamba vimeshika kitu, akaviachia juu ya kiganja changu. Havikuwa na kitu. Kisha akasubiri, anatazama kiganja. Nilielewa pale pale, bila Mama Karatasi na bila safu. Alikuwa ananiomba vizuri kabisa, kwa njia ya adabu uliyomfundisha, na kibanio chenyewe kilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua mbili kutoka pale. Nilichokililia miaka yote, mtoto yule anijie mimi, nilikuwa nimekipata. Na kilichopita moyoni mwangu ni kwamba hata sasa anakuja kwa njia yako. Nikapiga kengele.

Sitakuandikia safu ya pili. Bendeji ile ndiyo ya siku hiyo.

Rasimu zako sikuzichoma. Nilizilaza chini ya karatasi ya kutandikia droo, chini ya kengele yenyewe, na sijui kwa nini, labda hata mwizi hupenda kujua alichoiba kiko wapi. Leo asubuhi, kabla watoto hawajafika, nilizipanga kwenye meza ya mwalimu mkuu, zako upande huu na zangu safi upande ule. Nilikuwa nimemwomba Mama Karatasi afike, na baba yake Meneja pia. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, na la Jumanne nikalisema. Mwalimu mkuu akasema itabidi aiandikie ofisi, na mpaka jibu lije nisiguse karatasi yoyote ya mtoto yeyote. Nikasema sawa. Mama Karatasi hakunitazama hata mara moja, alikuwa anapindua kurasa zako, anafuata mistari kwa kidole. Fundi umeme aliuliza jambo moja tu. Aliuliza yule msusi yuko wapi.

Na hata pale, nimevuliwa nguo zote mbele za watu, mdogo wangu, swali lile lilinichoma. Nakwambia usije ukadhani nimegeuka malaika tangu asubuhi.

Mwalimu mkuu amesema atasimama mwenyewe Ijumaa kumtetea Meneja asiondolewe, ila watamwuliza ni nani atakayeendelea na kazi ile, naye anataka kuwatajia mtu. Barua yake kwako imo ndani ya bahasha hii, isome kabla hujaanza kunitukana. Kibanio sikukiweka humu. Nilimpelekea Meneja darasani. Alikigeuza upande huu na upande huu, akakibana kwenye ukosi wa gauni lake, kisha akaenda akaifunga droo yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha wazi. Kengele haimo tena.

Rudi, Kitinda. Sikuombi kwa ajili yangu, msamaha una siku yake na huenda siku hiyo isifike, nitajua nimeyataka mwenyewe. Rudi kwa ajili yake. Na hata kama hutarudi, mtoto wa kwanza atakayeletwa saluni kesho, usimpe mwenzako. Msuke wewe.

Mama anakusalimu sana, na ameniagiza nikuulize kama unakula. Kuhusu mimi kula hajauliza. Bado hajui neno lolote. Nitamwambia leo tukimaliza kuosha vyombo, na najua atakachosema kuhusu mikono yangu. Wanangu wanakusalimu, mpishi anakusalimu, anasema vikombe vile viwili bado anakudai. Nisalimie mwenzako wa saluni. Ukijibu nitashukuru, usipojibu nitaelewa.

Ni mimi dada yako,
niliyepiga kengele.